Tovuti ya kikundi: Mjue msajili kabla ya kulipia jina

TUSEME kikundi cha wafugaji nyuki huko Mwingi, Kaunti ya Kitui, kimeamua kuuza asali yake bila kupitia kwa madalali. Wanachama wamechanga pesa, wamenunua mitungi midogo ya plastiki na kuchapisha vibandiko 2,000 vyenye nambari ya simu na anwani ya tovuti ya kikundi.

Kwa mwaka mmoja mambo yanaenda vyema. Mwenye hoteli jijini Nairobi anaona kibandiko, anafungua tovuti na kuagiza asali. Kisha mwaka wa pili unapoanza, mteja mwingine anampigia simu mwenyekiti akitaka kujua iwapo kikundi kilivunjika. Kila akifungua ile tovuti, anakuta matangazo ya kamari.

Kinachofuata ni kutafutana. Tovuti ilitengenezwa na kijana aliyekuwa na mkahawa wa intaneti pale sokoni. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake. Sasa amehamia Mombasa, simu yake haipatikani, na ilani za kulipia mwaka wa pili zilitumwa kwa barua pepe ambayo haifungui tena. Muda uliisha, jina likaachiliwa, na mtu asiyejulikana akalichukua. Vibandiko vilivyosalia havina kazi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inaweza kumpata yeyote kwa jinsi kanuni za usajili zilivyo. Katika mfano huu hakuna mwizi. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, kikundi kilipomwachia mtu mmoja achague msajili na kujaza fomu peke yake.

Jina si tovuti

Jambo la kwanza ambalo wanakikundi wanafaa kuelewa ni kwamba tovuti ina vitu vitatu tofauti, hata kama vyote huuzwa pamoja kwa risiti moja.

Kuna kurasa zenyewe, yaani maandishi na picha za asali. Kuna nafasi kwenye kompyuta kubwa, au seva, ambako kurasa hizo huhifadhiwa. Halafu kuna jina, ambalo wataalamu huliita domeni, na ndilo mteja huandika ili afike kwenu.

Kurasa zikiharibika zinaweza kuandikwa upya. Nafasi ya kuhifadhi ikileta shida, kikundi kinaweza kuhamia kwingine na mteja asijue. Lakini jina likipotea, kila kibandiko, kadi na bango lililochapishwa humpeleka mteja kwa mtu mwingine.

Aidha, jina halinunuliwi moja kwa moja. Hulipiwa kwa muda, kama kibanda katika soko la kaunti. Majina ya .com na .org huweza kulipiwa kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 10 kwa mara moja. Asiyelipa hupoteza kibanda, hata akiwa amekaa hapo miaka mingi.

Nani hushika daftari

Kila aina ya jina ina daftari lake kuu. Majina yanayoishia kwa .ke hutunzwa na KeNIC, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2002 kusimamia majina ya Kenya. Daftari la .com liko mikononi mwa kampuni ya Verisign ya Marekani, na lile la .org hushikwa na Public Interest Registry, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka wa 2002.

Mwananchi kwa kawaida hapeleki pesa zake huko. Hupitia kwa msajili, yaani kampuni iliyoidhinishwa kuandika majina katika daftari hilo. Chini ya msajili huenda kukawa na wakala anayeuza kwa niaba yake. Kijana wa mkahawa wa intaneti mara nyingi ni wakala, au ni mteja tu wa wakala.

Zamani hakukuwa na la kuchagua. Kampuni moja ya Marekani, Network Solutions, ndiyo pekee iliyosajili majina ya .com, .net na .org, na kuanzia mwaka wa 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Shirika la ICANN lilianzishwa mwaka wa 1998 kusimamia mpango mzima wa majina, na mwaka uliofuata kampuni nyingine zikaruhusiwa kushindana. Bei zilishuka, lakini tangu hapo kazi ya kutofautisha msajili mzuri na mbaya imebaki kwa mnunuzi.

Njia rahisi ya kuanza ni kuangalia orodha. KeNIC ina orodha ya wasajili walioidhinishwa kuuza majina ya .ke, na ICANN ina yake ya wanaouza .com na .org. Iwapo anayewauzieni hayumo, si lazima awe mlaghai. Anaweza kuwa wakala mwaminifu aliye karibu nanyi. Muulizeni anapitia kwa msajili gani, kisha mtafute jina la msajili huyo katika orodha. Asiyetaka kujibu swali hilo aachwe.

Kiishio gani kinawafaa

Wanakikundi wengi hubishana kuhusu kiishio cha jina kuliko wanavyozungumzia msajili. Kwa majina ya Kenya, .co.ke ilikusudiwa biashara na .or.ke ikakusudiwa mashirika yasiyo ya faida. Tangu mwaka wa 2017 inawezekana pia kusajili jina linaloishia kwa .ke pekee. Viishio kama .go.ke vya serikali, .ac.ke vya vyuo na .sc.ke vya shule si vya kila mtu.

Kikundi kinachouza asali kitafaa kwenye .co.ke au .ke. Kile ambacho kazi yake ni mafunzo na kutafuta wafadhili kinaweza kuchukua .or.ke au .org. La muhimu ni kufahamu kwamba .ke inafuata kanuni za KeNIC, ilhali .com na .org zinafuata masharti ya ICANN. Siku mtakapokuwa na malalamiko dhidi ya msajili, hapo ndipo mtajua barua iende wapi.

Bei ya kwanza si bei

Mfanyabiashara yeyote anajua kwamba anayeuza chini ya bei ya kununulia ana mpango wake. Tangu Septemba 2024, Verisign hutoza kila msajili dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina la .com. Dola ikiwa Sh130, hizo ni takriban Sh1,330 kabla ya msajili kuongeza faida yake au kodi ya VAT ya asilimia 16.

Kwa hivyo, tangazo la jina la .com kwa Sh300 linamaanisha kwamba muuzaji anapata hasara mwaka wa kwanza na anatarajia kuirudisha baadaye. Hakuna ubaya, mradi mjue atairudisha vipi.

Chukua wauzaji wawili wa mfano. Wa kwanza anatoza Sh300 mwaka wa kwanza na Sh2,500 kila mwaka unaofuata. Wa pili anatoza Sh1,700 kila mwaka. Kwa miaka mitano, wa kwanza atakuwa amechukua Sh10,300 na wa pili Sh8,500. Yule aliyeonekana rahisi ndiye ghali.

Mwekahazina anafaa kuuliza bei ya mwaka wa pili, bei ya kurejesha jina muda ukipita, na iwapo kuna ada ya kuhamisha jina. Majibu yawe kwa maandishi. Vilevile, akilipa kwenye tovuti ya muuzaji, asome orodha yote kabla ya kubonyeza. Wauzaji wengine huongeza huduma ambazo kikundi hakikuomba, kila moja ikiwa na ada yake ya mwaka.

Kuna pia ofa ya jina la bure kwa anayenunua nafasi ya kuhifadhi tovuti. Swali hapa ni moja: kikundi kikihama kutoka nafasi hiyo, jina litaenda nacho? Kama jibu ni hapana, au kama kuna faini, jina hilo halikuwa la bure.

Liandikwe kwa nani

Hakuna mkulima anayenunua shamba na kuacha hati iandikwe kwa jina la dalali. Hata hivyo, vikundi hufanya hivyo kila siku na majina ya tovuti.

Fomu ya usajili huwa na sehemu ya mmiliki, na mara nyingi sehemu ya msimamizi na ya fundi. Mtengenezaji wa tovuti anaweza kuandikwa kama fundi. Kwenye sehemu ya mmiliki liandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Vikundi vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 vina cheti cha namna hiyo, na ndicho kitakachowasaidia kuthibitisha umiliki ukizuka mzozo.

Barua pepe ndiyo ufunguo. Anayeisoma ndiye hupokea ilani za malipo, ndiye huweza kubadilisha neno la siri, na ndiye anayeweza kuhamisha jina. Kikundi kifungue barua pepe yake, ambayo angalau maafisa wawili wanaweza kuifikia.

Barua pepe hiyo isiwe chini ya jina lile lile linalosajiliwa. Jina likizimwa kwa kukosa kulipiwa, barua pepe hiyo nayo huzimika, na ilani ya kuwaokoa itatumwa mahali ambapo hamwezi kuifungua. Tumieni anwani ya huduma nyingine ya kawaida, hata ya bure.

Kuna mtego mwingine wa mapema. Kwa majina ya .com na .org, msajili hulazimika kuthibitisha barua pepe au simu ya mmiliki. Ujumbe hutumwa, na asipojibu kwa siku 15 huenda jina likasimamishwa. Vikundi vingine hudhani tovuti imeharibika, kumbe ni ujumbe mmoja ambao haukufunguliwa.

Maafisa wanapobadilika baada ya uchaguzi, neno la siri na nambari ya simu vibadilishwe siku hiyo, kama vile saini za benki zinavyobadilishwa. Msajili anayetoa ulinzi wa hatua mbili, ambapo neno la siri halitoshi bila nambari inayotumwa kwa simu, ni bora kuliko asiye nao. Lakini simu hiyo iwe ya kikundi.

Mlango wa kutoka

Msajili mzuri hutambulika kwa jinsi anavyomwachilia mteja anayetaka kwenda. Kwa hiyo, swali la kuhama liulizwe kabla ya kuingia.

Kwa .com na .org, kuhama huhitaji mambo mawili. Kwanza, jina lifunguliwe kufuli ambayo huwekwa ili lisihamishwe na wezi. Pili, mmiliki apewe nambari ya siri ya uhamisho, ambayo wauzaji wengi huiita kwa herufi EPP. Kulingana na kanuni za ICANN, mmiliki akiiomba anafaa kuipata katika muda wa siku tano. Kwa kawaida jina haliwezi kuhamishwa katika siku 60 za kwanza baada ya kusajiliwa.

Msajili mwenye huduma bora humruhusu mteja kufungua kufuli na kupata nambari hiyo mwenyewe akiwa ndani ya akaunti yake. Yule anayesema lazima uje ofisini, uandike barua, kisha usubiri meneja arudi, amekwisha jibu swali lenu.

Wakala ndiye wa kuangaliwa zaidi hapa. Wengine huweka majina ya wateja wote katika akaunti moja ambayo wao tu ndio wanaingia. Kikundi kiombe akaunti yake chenyewe na kiingie mbele ya wakala huyo kabla ya kulipa salio.

Muda ukiisha

Jina la .com halipotei usiku mmoja. Msajili anafaa kutuma ilani takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, nyingine takriban wiki moja kabla, na nyingine katika siku tano baada ya kuisha.

Baada ya hapo, msajili anaweza kulishika jina kwa hadi siku 45, ingawa wengine huliachilia mapema au kulipiga mnada. Tovuti huzimwa katika kipindi hiki. Jina likifutwa, kuna siku 30 ambapo mwenyewe bado anaweza kulirejesha, kwa ada iliyo juu zaidi. Kisha hufuata siku tano ambazo hakuna lolote linaloweza kufanywa, na jina linakuwa huru kwa yeyote. Majina ya .ke yana ratiba yake, na msajili wenu anafaa kuwaeleza siku hizo kabla hamjalipa.

Kusahau hakuchagui mdogo. Desemba 1999, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, ambalo wateja wake wa barua pepe za Hotmail walihitaji ili kuingia. Huduma ilikwama hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta nchini Marekani, asiye mfanyakazi wao, alipolipa dola 35 kutoka mfukoni mwake.

Kikundi kinaweza kujikinga kwa kulipia miaka miwili au mitatu kwa pamoja, na kuandika tarehe ya mwisho katika kitabu cha kumbukumbu. Malipo ya kujiendesha yenyewe kwa kadi ya benki husaidia, lakini kadi huisha muda na mwenye kadi huweza kuondoka. Kwa vikundi vingi, msajili anayepokea M-Pesa kwa nambari ya Paybill ni rahisi zaidi, kwa maana afisa yeyote anaweza kulipa na risiti ikabaki.

Msajili akianguka

Mwaka wa 2007, kampuni ya RegisterFly ya Marekani iliporomoka. Wateja walilalamika kwamba walilipa lakini majina yao hayakuongezewa muda, na kwamba hawakuweza kuyahamisha. ICANN iliifutia idhini mwaka huo, na majina yaliyobaki yakahamishiwa kwa kampuni ya GoDaddy. Baadhi ya wateja walikuwa wamekwisha poteza majina yao.

Tangu kisa hicho, sharti la wasajili kuweka nakala za rekodi zao kwa mtu wa tatu lilitiliwa mkazo, ili msajili akianguka ijulikane nani ni mwenye jina. Ulinzi huo humsaidia tu yule ambaye rekodi inamtaja. Kama rekodi inamtaja kijana wa Mombasa, ni yeye atakayerudishiwa jina la asali ya Mwingi.

Hii ndiyo sababu si busara kulipa miaka 10 kwa msajili msiyemjua. Anzeni na mwaka mmoja au miwili, mwone anavyojibu simu, kisha mwongeze.

Barua za kutisha

Mara jina linaposajiliwa, huenda zikaanza kuja barua pepe za watu wasiojulikana. Nyingine hufanana na ankara na kudai kwamba jina litafungwa msipolipa leo. Nyingine husema kuna kampuni ya ng'ambo inataka kusajili jina lenu na mlipe haraka ili kulilinda.

Dawa ni moja. Kikundi kilipe tu kwa msajili wake, kwa kuingia katika akaunti yake chenyewe, na si kwa kubonyeza kiungo kilicho ndani ya barua. Mwekahazina anayemjua msajili kwa jina hawezi kudanganywa kwa urahisi.

La kufanya wiki hii

Vikundi ambavyo tayari vina tovuti vinaweza kuanza kwa kuangalia rekodi. KeNIC na ICANN zina huduma za bure za kutafuta jina lolote. Tangu mwaka wa 2018 maelezo ya wamiliki wengi hufichwa kwa sababu ya sheria za faragha, lakini jina la msajili na tarehe ya kuisha kwa kawaida huonekana. Mwanachama yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kufanya hivyo bila kumwomba fundi ruhusa.

Ikiwa jina liko kwa mtu binafsi, wakati wa kuomba libadilishwe ni sasa, angali anapatikana na uhusiano ungali mwema. Akubali kwa maandishi, mabadiliko yafanywe mbele ya maafisa, na kikundi kimlipe kazi yake ya ufundi kama kuna deni.

Kwa vikundi vinavyoanza, mkutano upitishe azimio linalotaja jina, msajili, bei ya mwaka wa pili, barua pepe ya kikundi na maafisa wawili watakaoshika neno la siri. Neno hilo lifungwe katika bahasha na kuwekwa pamoja na cheti cha kikundi na kitabu cha benki. Baada ya hapo ndipo vibandiko vya mitungi ya asali vipelekwe kwa mchapishaji.